Mtoto aliye Marekani na Fomu za Kodi

Mwezi huu nawaletea habari ya kodi, kwa sababu ilitugusa nyumbani kwetu.

Binamu yangu alikwenda kusoma Marekani kwa viza ya F-1. Alikuwa anaosha vyombo jikoni pale chuoni, na kodi inakatwa kwenye kila mshahara. Akasema, "Nimeshakatwa, wanataka nini tena?" Kumbe kukatwa ni jambo moja, kupeleka hesabu serikalini ni jingine. Mwezi wa kwanza mwajiri hutoa karatasi ya W-2 yenye kuonyesha mshahara na makato ya mwaka uliopita. Yeye aliitupa akidhani ni tangazo! Ikabidi aombe nyingine.

Mwenye F-1, kwa kawaida miaka 5 ya kwanza, kwa upande wa kodi anahesabiwa mgeni. Aliyelipwa mshahara anajaza 1040-NR, siyo 1040 ya wenyeji, pamoja na 8843, kufikia tarehe 15 Aprili. Asiyepata kipato chochote naye anajaza 8843 peke yake, mwisho 15 Juni.

Binamu alimfuata rafiki mwenyeji, akajaza 1040. Akarudishiwa pesa nyingi kuliko haki yake, akatutumia, tukanunua godoro. Baadaye ikabidi azirudishe. Jamani, godoro limeshalaliwa, litarudije dukani?

Basi mkiongea naye kwa simu mwezi wa pili, mwulizeni W-2 iko wapi. Na vyuo vina ofisi ya wanafunzi wa kigeni, aanzie hapo kabla ya kumwuliza rafiki.