Mtoto Anapocheza na Majani Anajifunza Nini?

Wazazi wengi wakipita karibu na darasa la watoto wadogo husikia nyimbo na vicheko. Wakichungulia, huona watoto wamekaa chini wanapanga majani na vijiti. Basi husema: "Hawa wanacheza tu. Mbona hawafundishwi kusoma?" Wengine humtoa mtoto darasani. Eti heri akachunge mbuzi kuliko kwenda kucheza.

Hebu tulitazame jambo hili vizuri. Tutakwenda mbali kidogo, mpaka Ujerumani, kwa sababu huko ndiko chekechea ilikopata jina lake. Tutaona watoto wa huko hufanya nini darasani kuanzia Septemba mpaka Novemba. Halafu tutarudi kijijini kwetu, tuone tunaweza kuchukua nini.

BUSTANI YA WATOTO

Mwaka 1837 mwalimu mmoja Mjerumani, Friedrich Froebel, alifungua nyumba ya kulea na kufundisha watoto wadogo. Aliifungua katika mji mdogo wa Bad Blankenburg. Mwaka 1840 aliipa jina la Kindergarten, maana yake bustani ya watoto.

Kwa nini bustani? Wewe mkulima utaelewa upesi. Mkulima havuti mche ili urefuke haraka. Akiuvuta, unang'oka. Kazi yake ni kupalilia, kumwagilia maji na kuzuia mbuzi wasiule. Mche wenyewe utakua. Froebel aliona mtoto naye ni hivyo hivyo. Mtoto hukua kwa kucheza, kushika vitu, kuimba na kuuliza. Kwa hiyo aliwapa watoto mipira, vipande vya mbao vya kupanga, na vijishamba vya kupanda mbegu.

Siyo wote waliofurahi. Mwaka 1851 serikali ya Prussia, iliyotawala sehemu kubwa ya Ujerumani, ilipiga marufuku chekechea hizo. Wakubwa waliogopa kwamba watoto wangefundishwa kumkana Mungu na kufuata siasa za kijamaa. Froebel alikufa mwaka uliofuata, marufuku ikiwa bado ipo. Iliondolewa mwaka 1860, na chekechea zikaenea katika nchi nyingi za dunia. Hata shule zetu za vidudu, kama wengi tunavyoziita, zimetokana na wazo hilo.

Leo huko Ujerumani watoto wa miaka 3 mpaka 6 ndio wanaokwenda chekechea. Tangu mwaka 1996 sheria inampa haki ya nafasi kila mtoto aliyetimiza miaka mitatu.

MAJIRA YA MAJANI KUPUKUTIKA

Sisi tunaoishi karibu na Ikweta tuna kiangazi na masika. Mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Ujerumani siyo hivyo. Katika mji wa Berlin, mwezi wa Juni mchana hufika karibu saa 17. Mwezi wa Desemba mchana haufiki hata saa 8, na baridi huwa kali mpaka maji yanaganda.

Kati ya joto na baridi hiyo yapo majira yanayoanza mwishoni mwa Septemba. Jua hupungua, na majani ya miti mingi hugeuka rangi. Mengine huwa ya manjano, mengine mekundu, mengine kahawia. Halafu hupukutika yote.

Kwa nini majani hugeuka? Jani lina rangi ya kijani inayolisaidia kutengeneza chakula cha mti kwa nguvu za jua. Jua likipungua, mti huacha kutengeneza kijani. Hapo manjano iliyokuwa imejificha huonekana. Na kwa nini majani huanguka? Ardhi ikiwa na baridi kali, mizizi haipati maji ya kutosha. Jani hupoteza maji kila siku. Basi mti huyatupa majani ili usikauke.

Jambo hili si geni kwetu. Tazama mbuyu. Kiangazi kikikaza, mbuyu hubaki matawi matupu. Nao unatunza maji yake. Mti wa Ulaya hukimbia baridi, mbuyu hukimbia ukame, lakini akili ni moja.

KAZI ZA ASUBUHI

Asubuhi watoto hukaa kwa duara pamoja na mwalimu. Huimba, husema leo ni siku gani, na hutazama nje: kuna jua, mvua au ukungu? Halafu huvaa makoti na mabuti ya mpira, huenda uani au msituni. Hata mvua ikinyesha hutoka.

Huko huokota majani, mbegu na vijiti. Hupenda sana mbegu za mti uitwao kastania. Ni mbegu za kahawia, zinang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, na ukubwa wake ni kama golori kubwa. Wakirudi darasani kazi huanza.

Kwanza, huchambua. Majani ya manjano huku, mekundu kule. Marefu upande huu, mafupi upande ule. Kuchambua vitu kwa aina ni mwanzo wa hesabu. Mtoto asiyejua kutenganisha vitu atapata shida kuvihesabu.

Pili, huhesabu. Mtoto ana mbegu 5. Anampa mwenzake 2. Zimebaki ngapi? Anazishika, anaziona. Namba 3 haiwi tena mchoro tu ubaoni. Inakuwa mbegu tatu mkononi.

Tatu, hutumia vidole. Mwalimu hutoboa mbegu za kastania, na watoto huchomeka vijiti vya kiberiti vilivyokatwa vichwa. Mbegu zinakuwa mtu mwenye mikono na miguu. Pia huweka jani chini ya karatasi, halafu husugua juu yake kwa rangi. Mishipa yote ya jani hujitokeza kwenye karatasi.

Ndugu msomaji, wewe uliyesoma kisomo ukubwani, kumbuka siku ya kwanza uliposhika penseli. Mkono uliozoea jembe ulitetemeka. Penseli iliteleza, karatasi ikachanika. Siyo kwamba akili ilikuwa ndogo. Vidole havikuzoea. Basi mtoto anayekata, anayesugua na anayefinyanga leo anazoeza vidole vyake. Akifika darasa la kwanza penseli haitamtisha.

Nne, hujifunza maneno. Mwalimu huuliza: "Jani hili likoje?" Mtoto hujibu: "Lina meno pembeni. Ni kavu. Linanuka udongo." Mtoto mwenye maneno mengi kinywani atasoma kwa urahisi baadaye. Atakapokutana na neno kitabuni, atakuwa analijua.

Kusoma na kuandika kwenyewe hufundishwa akianza shule, akiwa na miaka 6 hivi. Chekechea ni kutayarisha shamba. Mbegu hutiwa baadaye.

WANYAMA NA NDEGE

Katika majira hayo watoto hufundishwa pia jinsi wanyama wanavyojiandaa kwa baridi. Kindi hufukia kokwa ardhini ili apate akiba. Kalunguyeye hula sana mpaka anenepe, kisha hulala miezi yote ya baridi ndani ya rundo la majani. Kwa hiyo watoto huacha marundo ya majani katika pembe za bustani. Hawayachomi.

Na ndege je? Wengi huhama. Korongo weupe huondoka Ujerumani mnamo Agosti na Septemba. Wengi wao hupita Uturuki, Misri na Sudani, halafu huja Afrika Mashariki na Kusini. Basi korongo unayemwona shambani akitafuta panzi huenda amezaliwa juu ya paa la nyumba huko Ulaya.

Zamani Wazungu hawakujua ndege hawa huenda wapi. Wengine walidhani wanalala chini ya maji. Mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz huko Ujerumani, alipigwa korongo mmoja aliyekuwa na mkuki shingoni. Mkuki wenyewe ulikuwa wa Afrika ya Kati! Ndege yule aliruka nao safari nzima. Ndipo watu wakapata ushahidi. Korongo huyo alikaushwa, na amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock.

MAVUNO NA TAA

Mwanzoni mwa Oktoba huwapo sikukuu ya kushukuru kwa mavuno. Watoto huleta viazi, karoti na maboga kutoka nyumbani. Huosha, humenya na kupika supu pamoja. Hapo hujifunza kwamba chakula hakitoki dukani. Kimetoka shambani kwa jasho la mtu.

Tarehe 11 Novemba ni siku ya Mtakatifu Martino. Zamani za utawala wa Roma, Martino alikuwa askari. Inasimuliwa kwamba siku moja ya baridi aliona maskini hana nguo. Akachukua upanga, akalikata joho lake vipande viwili, akampa nusu. Baadaye alikuwa askofu wa Tours, Ufaransa.

Kwa wiki kadhaa watoto hutengeneza taa za karatasi. Hupima, hukata, hugundisha kwa gundi. Jioni giza likiingia, hutembea na taa zao pamoja na wazazi huku wakiimba. Watoto wa dini mbalimbali hushiriki, kwa sababu fundisho lake ni la watu wote: ulicho nacho, gawana na mwenzako. Tena mtoto anajifunza kutembea gizani bila hofu.

JE, SISI TUFANYE NINI?

Hatuna kastania, na hatuzihitaji. Watoto wa Ujerumani hutumia kilichoanguka chini ya miti yao. Sisi tutumie kilichoanguka chini ya miti yetu.

Katika sehemu nyingi za pwani na kaskazini ya Tanzania, miezi hiyo hiyo ya Oktoba mpaka Desemba ni ya mvua za vuli. Yako mengi ya kujifunza. Mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi hutoka. Wametoka wapi? Panda punje 3 za mahindi na 3 za maharage ndani ya kopo. Ipi imeota kwanza? Mtoto atazame kila asubuhi, akuambie.

Nyumbani unaweza kukusanya kokwa za embe, magunzi, vifuniko vya soda, vijiti na majani. Mama anapochambua maharage, mtoto naye achambue: mekundu huku, meupe kule. Baba anapofunga mbuzi jioni, mtoto ahesabu: wako wangapi? Nani hajarudi? Bibi naye atoe hadithi na kutega vitendawili. Kazi hizo hazina gharama yoyote.

Lakini pawe na hadhari. Watoto wadogo sana wasiachwe peke yao na mbegu ndogo. Wanaweza kuzimeza zikawapalia, au kuzitia puani na masikioni. Tena mbegu za nyonyo na mbono zina sumu. Vile vile zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, ambazo watu hutungia shanga, zina sumu kali. Watoto wasizichezee kabisa. Mtoto akitafuna mbegu hizo, mpelekeni zahanati mara moja, na mchukue mbegu yenyewe mkamwonyeshe mganga.

Tena tusisahau darasa lenyewe. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima katika Tanzania Bara kabla ya darasa la kwanza. Kwa hiyo kumtoa mtoto akachunge mbuzi ni kumnyima haki yake. Atakapoingia darasa la kwanza, wenzake watakuwa wamezoea kukaa pamoja, kusikiliza, kuhesabu na kushika penseli. Yeye atakuwa anaanza nyuma. Wengi wanaoanza nyuma hukata tamaa, wakaacha shule. Sisi tuliokosa shule utotoni tunajua uchungu wake.

Basi mtoto akirudi na majani mfukoni, usiyatupe na kumgombeza. Kaa naye. Mwulize: "Leo umeokota nini? Mangapi? Haya yamefanana vipi?" Umwache ajibu. Dakika chache tu zinatosha, nawe utakuwa umemsaidia mwalimu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kwa nini Froebel aliita shule yake bustani ya watoto?
2. Mti wa Ulaya na mbuyu hupukutisha majani. Wamefanana katika nini, na wametofautiana katika nini?
3. Kuchambua majani kunamsaidiaje mtoto katika hesabu?
4. Taja vitu vitano vya kijijini kwenu ambavyo mtoto anaweza kujifunzia.
5. Je, kijijini kwenu wako watoto wa miaka 5 wasiokwenda darasa la awali? Kwa nini? Mtafanya nini?

Samaki mkunje angali mbichi.