Wanafunzi wa Lukenya: Bahari Kwanza, Ziwa Baadaye

Sheria ya nchi yetu imeweka kwamba sikukuu ya taifa ikiangukia Jumapili, Jumatatu inayofuata huwa ya mapumziko. Kwa mwanafunzi aliye mbali na kwao, siku hiyo moja ya ziada yatosha kuamsha hamu ya safari. Mwaka 2024 Siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, iliangukia Jumapili. Mwaka 2025 Madaraka, tarehe 1 Juni, ikawa vivyo hivyo. Kati ya Jumapili hizo mbili pana kisa cha vijana wanne wanaosoma karibu na Lukenya, kule Machakos. Nakiandika kwa kuwa swali lililomo ndani yake limo katika nyumba nyingi za mtaani kwetu: mtoto akiomba ruhusa ya kutembea na wenziwe, ajibiwe nini?

Mmoja wao ni kijana wetu wa Mombasa. Wa pili ni wa Kisumu, wa tatu wa Kendu Bay, na wa nne ni Mkamba wa papo hapo Machakos. Majina yao nayaacha kwa ombi la mama zao.

Safari ya kwanza, ile ya Mashujaa, ilikuja kwetu. Jumamosi asubuhi vijana walipandia Athi River treni ya mchana inayosimama vituo vya kati, wakafika Mombasa mchana huohuo. Waliionyeshwa Ngome ya Yesu, iliyoanzwa kujengwa mwaka 1593, na kesho yake wakaenda Gede na Malindi. Gede iliwanyamazisha. Kijana wa Kendu Bay alisimama mbele ya mabaki ya msikiti na visima vya mji ule uliohamwa karne nyingi zilizopita, akauliza mbona shuleni hakuwahi kuelezwa habari zake sawasawa. Lakini lililowashangaza zaidi ni maji kupwa. Yule wa Kisumu, aliyekulia kando ya maji tangu utotoni, alipofika ufukweni Malindi akauliza bahari imekwenda wapi. Usiku walikula pilau kwenye sinia moja na wenyeji, wakatandikiwa barazani, na mama mwenye nyumba akawaita wanawe hadi walipoondoka.

Aliyekirimiwa naye hualika. Basi ilipokaribia Madaraka ikawa zamu ya ziwa, na hapo ndipo mama huyohuyo alipokataa katakata.

Alikuwa na sababu mbili, na hakuna hata moja iliyokuwa ya upuuzi. Ya kwanza ni barabara. Machi 2023 basi la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani, likiwa njiani kwenda Eldoret, lilipata ajali Naivasha, wakafariki zaidi ya watu kumi. Juni mwaka huohuo, penye njia panda ya Londiani, lori liliparamia watu na magari, wakafa zaidi ya hamsini. Na hapo ni katika njia ileile ya kwendea Kisumu. Machi 2024 wanafunzi 11 wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walifariki Maungu wakija huku pwani. Hofu ya namna hii haiondolewi kwa kumwambia mama amtegemee Mungu, kana kwamba hamtegemei. Sababu ya pili ni nauli. Idi ya Mfungo Tatu ilikuwa siku chache tu baada ya Madaraka, naye alichelea kwamba pesa zikiishia ziwani mtoto hatakuja kuswali Idi kwao.

Jambo lililetwa kwangu, nami nikampigia kijana simu. Sikumuuliza kwa nini ataka kwenda. Nilimuuliza: gari gani, saa ngapi, mtalala wapi, na mwenyeji wenu ni nani? Akajibu, bila kuficha, kwamba wamepanga basi la usiku wa Ijumaa ili waokoe gharama ya malazi. Hapo nikaona kuwa mama na mwanawe hawakuwa wakibishania kitu kimoja. Mama alikuwa akiikataa barabara. Kijana alikuwa akililia ziwa. Na hatari ilikuwa katika ile saa ya kuondoka, ambayo hakuna aliyeitaja.

Rai yangu katika mambo haya inajulikana, na wapo wazee wenzangu wasioipenda. Kijana wa miaka ishirini akikatazwa bila kusikilizwa hutoka bila kuaga, na aliyetoka bila kuaga hatujui pa kumtafuta likitokea la kutokea. Tukasharutisha mambo matatu: safari iwe ya mchana tupu, nauli ya Idi ibaki kwa mama, na wazazi wa kila nyumba watakayolala wazungumze naye kwa simu. Sharti hilo la mwisho ndilo lililofungua mlango. Mama wa Kendu Bay alipiga mwenyewe, akasema kwa Kiswahili chake cha bara: “Dada, wangu ulimlaza kwako na hukunijua. Sasa wako aje, tujuane.” Maneno yangu yote hayakufika robo ya hayo.

Waliondoka baada ya swala ya Ijumaa. Kijana alikwishaniuliza, nikamweleza kuwa katika madhehebu yetu ya Kishafi aliyewajibikiwa na Ijumaa hasafiri baada ya alfajiri ya siku hiyo, ila akiwa ataiwahi njiani au atapata madhara kwa kukawia. Baada ya hapo ni msafiri kama wasafiri wengine: mwendo wapita kilomita themanini na zaidi, kukaa si kwa siku nne kamili, basi alipunguza na kujumuisha swala zake, na wenziwe wakamngojea. Magharibi iliwakuta Nakuru, wakalala kwa shangazi ya yule wa Kisumu. Jumamosi wakapita Londiani, ambapo anasema garini hakuna aliyezungumza, kisha mashamba ya chai ya Kericho, kisha mpunga wa Ahero, na adhuhuri wakawa Kisumu.

Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika mahali hapo tarehe 20 Desemba 1901, nao Waingereza wakapaita Port Florence. Tangu enzi hizo watu wa pwani wamekwenda na kuhamia huko, na si wachache miongoni mwetu wenye jamaa Kisumu wasiowajua kwa sura. Kijana wetu alichota maji ya ziwa pale Dunga, akayaonja, akacheka: hayana chumvi. Akangoja yapwe, yasipwe. Aliambiwa majina ya samaki, mbuta na ngege na omena, naye akawatajia changu na tafi na nguru, kila mmoja akidai wake ndiye mtamu.

Jumapili ilikuwa Kendu Bay. Mji huu una Waislamu wa siku nyingi, Wajaluo kwa kabila, naye alipoingia msikitini alipokewa kama mtu aliyekuwa akitarajiwa. Baba mwenyeji, ambaye ni Mkristo, alikuwa amekwisha kumwita jirani Mwislamu aje amchinje jogoo. Alasiri wakapelekwa Simbi Nyaima, ziwa dogo la duara karibu na mji. Wenyeji husimulia kwamba palikuwa na kijiji chenye karamu. Bikizee akaja usiku akiomba chakula na pa kulala, wakamfukuza, maji yakapanda na kijiji kikazama. Wataalamu wa miamba husema ni shimo la volkano. Kijana aliniambia kwamba walipokuwa wakisimuliwa hayo, baba mwenyeji hakuondoa macho yake majini.

Jumatatu waliondoka alfajiri, na jioni mama akapata simu kutoka Lukenya. Alhamisi mwanawe akashuka treni Mombasa, na mkoba wa omena wakavu ambao bibi yake aliwanusa tokea mlangoni, akaagiza wapikwe kwa nazi.

Imebaki zamu ya Mkamba. Amewaambia wenziwe kuwa wamevuka nchi nzima ilhali kilima cha Lukenya wanakiona kila siku na hawajakipanda, kilima ambacho wapanda miamba hukijia kutoka Nairobi, na ambacho katika mapango yake wachimbuzi wamefukua zana za mawe za watu walioishi humo maelfu ya miaka iliyopita. Mama amekwisha kuombwa ruhusa. Safari hii hakuuliza habari ya magari. Aliuliza kama kuna nyoka.