Bumu Likishaliwa, Nani Hulipa?

Mkopo wa elimu ya juu Tanzania hauwekewi rehani nyumba wala shamba; dhamana yake ni mshahara ambao mwanafunzi bado hajaupata. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, hukopesha ada pamoja na fedha ya chakula na malazi, ile inayoitwa bumu vyuoni, kisha humsubiri mhitimu apate kazi.

Akiajiriwa, hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kabla ya marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, makato yalikuwa asilimia 8. Mwenye mshahara wa shilingi 800,000 huacha 120,000 kila mwezi, mbali na kodi na mchango wa hifadhi ya jamii. Kama anadaiwa milioni 10, atakatwa kwa miaka saba hivi.

Kilichozua ubishi mkali zaidi ni tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kwa mwaka. Kwa mkopaji huyo huyo, tozo ya mwaka wa kwanza ingefika 600,000, na makato ya zamani ya asilimia 8 yangeingiza 768,000. Mwaka mzima wa kukatwa, deni limepungua kwa 168,000! Mei Mosi 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta, na wafanyakazi wakashangilia.

Tozo imefutwa, mfumuko wa bei umebaki. Shilingi inayorejeshwa na wahitimu mwaka wa saba hainunui ilichonunua siku ilipotoka, nayo ndiyo inayotegemewa kuwakopesha wadogo zao. Pengo huzibwa na mlipa kodi, akiwamo mama ntilie ambaye mwanawe hakufika hata kidato cha nne. Hiyo ni ruzuku, hata kama haiitwi hivyo.

Australia, yenye mfumo wa namna hii tangu 1989, ilichagua kinyume chake: deni hupandishwa kila mwaka kufuata ongezeko la gharama za maisha au la mishahara, lile lililo dogo, ila asiyefikisha kiwango fulani cha kipato hakatwi hata senti. Kwa mwenye mshahara mdogo, kinga hiyo ina uzito zaidi kuliko kufutiwa tozo. Tanzania haina kiwango hicho: wa 400,000 na wa milioni 4 hukatwa asilimia 15 ile ile.