Mwajiri Aliyejua Akanyamaza

Mtumishi akimbaka au kumdhalilisha kingono mgonjwa, mwanafunzi au mfanyakazi mwenzake, mashauri mawili yanaweza kufunguliwa. La jinai humkabili mtenda kosa. La madai linaweza kumfikia mwajiri wake, na hilo wengi hawalijui.

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, baada ya Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, inamtaja waziwazi mtumishi wa hospitali anayetumia nafasi yake kumbaka mwanamke. Mahakama inayomtia mbakaji hatiani humwamuru pia kumlipa fidia aliyemtendea. Lakini mfungwa wa miaka 30 atalipa nini? Na fidia hiyo haimgusi aliyempangia zamu ya usiku wodini ilhali malalamiko juu yake yalikwisha kufika ofisini.

Kumfikia huyo kuna njia mbili, zote zikitokana na sheria ya Kiingereza iliyopokelewa Tanganyika, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Ya kwanza humbebesha mwajiri kosa la mtumishi, hata kama mwenyewe hakuzembea. Zamani waajiri walijitetea kwamba hakuna anayeajiri mtu ili abake. Mwaka 2001, katika shauri la mlezi wa bweni, majaji wa juu wa Uingereza waliukataa utetezi huo: kinachotazamwa ni kama kosa lina uhusiano wa karibu na kazi aliyokabidhiwa. Mahakama za Tanzania hazifungwi na uamuzi huo, ila zinaweza kuuzingatia.

Njia ya pili ni uzembe wa mwajiri mwenyewe. Mdai huonyesha kwamba mwajiri alikuwa na wajibu wa kumlinda, alijua au alipaswa kujua hatari, hakuchukua hatua, na madhara yakatokana na hapo. Kujua ndiko kunakobishaniwa zaidi, na mara nyingi makaratasi ndiyo husema: barua ya malalamiko yenye mhuri wa kupokelewa, orodha ya zamu, barua ya uhamisho iliyofuata upesi mno.

Uhamisho wa namna hiyo ulikemewa vikali Kenya. Mei 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu, Nairobi, aliamua shauri la wasichana wawili waliodhulumiwa kingono na mwalimu wao wa shule ya msingi. Tume ya Utumishi wa Walimu ilidai kwamba mwalimu alitenda kwa matakwa yake. Jaji hakukubali: tume haiwezi kuwazungusha wakosaji shule hadi shule, kisha ikaona kuwafukuza kazi kunatosha. Wasichana walipewa shilingi milioni 2 na milioni 3 za Kenya. Ni hukumu ya haki, na kila mwajiri wa walimu na wauguzi anapaswa kuisoma.

Tuseme jambo kama hilo litokee katika hospitali ya serikali kama Kitete, mjini Tabora. Mdai hutoa kwanza notisi ya siku 90, nakala ikienda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ndipo afungue shauri Mahakama Kuu, ambayo ina kanda yake Tabora. Fomu ya polisi PF3 na taarifa ya daktari ni ushahidi muhimu. Kiwango cha uthibitisho ni chepesi kuliko cha jinai: inatosha madai yaelekee kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Muda wa kufungua shauri ni miaka mitatu. Kwa mtoto, huanza kuhesabiwa anapotimiza miaka 18.