Wenye Mlima Wasioujua Mlima

Mtu aamkaye alfajiri katika kata ya Elerai, jijini Arusha, mawingu yakiwa yametanzuka, kitu cha kwanza kumkabili ni Mlima Meru. Hana haja ya kuutafuta. Umesimama upande wa kaskazini, urefu wake ukizidi mita 4,500 juu ya usawa wa bahari, na chemchemi zitokazo miteremkoni mwake ndizo zinywesheazo sehemu kubwa ya mji.

Mwandishi wa makala haya ni mtu wa visiwani. Nilipata kulala Elerai siku chache, nikiwa mgeni wa rafiki yangu wa zamani. Asubuhi moja mtoto wa mwenyeji wangu, mwanafunzi wa darasa la tano, aliniuliza, "Mjomba, kwenu kuna mlima?" Nikamjibu kwamba kwetu hakuna, kuna bahari tu. Nami nikamuuliza kama yeye amekwisha kufika katika mlima wao. Akatikisa kichwa, akasema, "Kule wanakwenda Wazungu, mjomba."

Neno lile halikuwa la utoto. Mtoto alikuwa amesema kwa kifupi yale ambayo watu wazima huyasema kwa kirefu. Ndipo nilipoanza kuwauliza wakubwa rai zao juu ya hifadhi za taifa, nani azisimamie, na nani azitembelee. Majibu yaligawanyika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la wale wasemao kwamba mbuga ni jambo la Serikali na watalii. Hawana chuki nazo, wala hawana mapenzi nazo. Huzisikia redioni zikitajwa kwa fedha za kigeni, basi. Fungu la pili ni la wakulima wa kandokando ya hifadhi, ambao kwao mnyama si picha ya kalenda bali ni mgeni wa usiku aingiaye shambani bila kubisha hodi. Fungu la tatu ni la wale waaminio kwamba dawa ya yote ni mkono wa chuma. Husema raia azuiwe, mipaka ifungwe, askari waongezwe.

Yafaa kila fungu lisikilizwe kwa insafu, kwa sababu kila moja lina ukweli ndani yake, na kila moja limesahau jambo.

Tuanze na la kwanza. Hifadhi ya Taifa ya Arusha iko chini ya kilometa 40 kutoka katikati ya mji. Ilianzishwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na mwaka 1967 Mlima Meru ukaingizwa ndani yake, ikaitwa Arusha. Mna shimo kubwa la Ngurdoto, ambalo mgeni hulitazama kutoka ukingoni kwa kuwa hairuhusiwi kuteremka. Mna maziwa ya Momella, wanakotua ndege heroe wenye rangi ya waridi. Mna mbega, twiga na nyati. Kadhalika ni miongoni mwa hifadhi ambamo mgeni aweza kutembea kwa miguu, akiongozana na askari mwenye silaha.

Barabara iendayo Ngarenanyuki hupita ndani ya hifadhi hiyo. Abiria hupita Serengeti Ndogo, wakawaona nyati kwa dirisha la basi, wakaendelea na safari zao za sokoni. Lakini aonaye namna hiyo hatembelei, bali anapita tu. Hakuna amwambiaye kwa nini msitu ule ukikatwa kijito cha kwake kitakauka.

Watu husema kwamba mwananchi hatembelei kwa sababu hana desturi ya kutembea. Hilo ni kumsingizia. Mwananchi husafiri siku nzima kwenda kuzika, kuoza na kuwaona wazee. Kiingilio chake hulipwa kwa shilingi, nacho ni sehemu ndogo tu ya kile alipacho mgeni wa nje kwa dola. Kimshindacho si mlango, bali ni njia ya kufika mlangoni. Gari la kukodi kwa siku moja hula fedha nyingi kuliko viingilio vya familia nzima. Aidha, malipo hayapokewi kwa noti mkononi, hivyo asiyeujua utaratibu huona afadhali abaki nyumbani.

Tulitazame sasa fungu la pili. Ili kuuelewa moyo wa mkulima wa Meru hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1951 ndio mwaka ambao Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo, Serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, ili ardhi ile wapewe walowezi wafugie ng'ombe. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuwasemea wenzake mbele ya Umoja wa Mataifa, na kilio cha Wameru kikasikika duniani.

Kisa kile hakikuwa cha wanyamapori, bali cha mashamba ya walowezi. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mzee aliyesimuliwa na baba yake jinsi walivyotolewa, akiona jiwe jipya la mpaka limesimikwa, haulizi kwanza kama limewekwa kwa ajili ya ng'ombe wa mlowezi au tembo wa taifa. Huuliza, "Na safari hii twende wapi?" Afisa asiyejua historia hiyo atamwita mkaidi. Anayeijua atakaa naye chini, amweleze.

Tena yapo manung'uniko ya leo. Mkulima wa nyanya huko Ngarenanyuki akikesha akiwasha moto na kupiga madebe, kisha tembo wakapita shambani mwake, hasara ni yake peke yake, lakini faida ya tembo ni ya taifa zima. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo ya kifuta jasho na kifuta machozi, wala hayaitwi fidia. Jina lenyewe linasema kweli. Machozi hufutwa, ila shamba halirudi. Na kitambaa kikichelewa sana kufika, machozi hujikaukia yenyewe na kuacha kinyongo.

Fungu la tatu nalo lina hoja nzito. Hesabu ya tembo nchini Tanzania ilishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Katika miaka mitano tulipoteza zaidi ya nusu ya hazina hiyo. Mbele ya msiba wa namna hiyo nani atasema askari hawahitajiki? Jangili mwenye bunduki hazuiwi kwa semina.

Lakini mkono wa chuma nao una mpaka wake. Oktoba 2013 ilianzishwa Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili. Haikupita muda ikasimamishwa kwa sababu ya malalamiko ya mateso na vifo vya raia, na Desemba mwaka huo mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao. Juni 2022, huko Loliondo, wakati wa kuweka vigingi vya mpaka wa eneo la kilometa za mraba 1,500, askari polisi mmoja aliuawa na wananchi wakajeruhiwa. Mambo hayo hayatajwi hapa kwa kumlaumu mtu. Yatajwa kwa sababu yanafundisha kwamba kigingi kisimikwacho bila kuafikiana hulindwa daima, nacho hakimlindi mtu.

Ndugu msomaji, mafungu yote matatu yamesahau neno moja, nalo ni amana. Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa mjini Arusha tamko mashuhuri juu ya wanyamapori. Alikiri kwamba viumbe hao na mapori yao ni sehemu ya mali yetu ya asili na ya riziki yetu ya baadaye, kwamba tumewapokea kama wadhamini, na kwamba wajukuu wa watoto wetu wanastahili kuwakuta. Hiyo ndiyo maana ya amana. Mshika amana hana haki ya kuila, wala hana haki ya kumficha mwenyewe asiione. Na mwenye mali asiyejua amali yake imewekwa wapi, ikiibiwa hatapiga kelele.

Kwa hiyo rai ya makala haya ni kwamba kumwingiza mwananchi katika hifadhi si starehe ya ziada baada ya kazi ya ulinzi kwisha. Ni sehemu ya ulinzi wenyewe, tena sehemu iliyo rahisi kuliko zote. Mtu hulinda akijuacho.

Hata hesabu za fedha zinatufundisha hivyo. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230 kutoka nje. Mwaka uliofuata, maradhi ya korona yalipofunga viwanja vya ndege vya dunia, walifika 620,867 tu. Wageni walibaki makwao, mahoteli yakanyamaza, lakini tembo hakuacha kuhitaji mlinzi wala mlinzi hakuacha kuhitaji mshahara. Nyumba itegemeayo wageni peke yao, wageni wasipokuja hulala njaa. Mwananchi hana ndege ya kukosa. Yeye yupo masika na kiangazi.

Sisi wa visiwani tusije tukadhani kwamba jambo hili ni la bara pekee. Tunao msitu wetu wa Jozani, uliotangazwa pamoja na Ghuba ya Chwaka kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Humo anaishi kima punju, ambaye asili yake haiko penginepo duniani ila Unguja. Wakulima wa jirani walimwona kima kuwa mwizi wa nazi changa na mazao ya shambani. Utaratibu ukawekwa wa kurudisha sehemu ya mapato ya kiingilio vijijini, na kuwakumbuka wakulima ambao kima hula katika mashamba yao. Sisemi manung'uniko yamekwisha. Wapo wasemao kwamba fungu ni dogo, na wapo waliokuwa wakiishi kwa kuni na makaa ambao riziki yao ilibanwa. Lakini mkulima anayejua kwamba tiketi ya mgeni ina senti yake ndani hamtazami kima kwa jicho lile la jana.

Basi nini kifanyike? Kwa viongozi na maafisa yapo mambo manne. Kwanza, pasiwe na mtoto wa Arusha amalizaye shule ya msingi bila kuingia katika hifadhi iliyo mbele ya macho yake, na basi la kuwachukua wanafunzi lihesabiwe kuwa gharama ya ulinzi kama ilivyo risasi na sare. Pili, pawe na siku maalumu ambazo gari la nauli nafuu huondoka mjini kwenda hifadhini, pamoja na mwongozaji azungumzaye Kiswahili fasaha. Tatu, mapato na matumizi ya fedha zirudizo vijijini yasomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ili shule au zahanati iliyojengwa kwa fedha za hifadhi ijulikane hivyo. Nne, hasara ya mkulima ikaguliwe mapema, na mipaka ipitiwe kwa miguu, mzee wa kijiji akiwa mbele pamoja na mpima ardhi.

Nasi wananchi tusijivue wajibu. Haifai kulima hadi ukingoni mwa pori kisha kushangaa nyani wakija. Haifai kuziba mapito ambayo wanyama waliyatumia kabla ya babu zetu kuzaliwa. Haifai kumficha jangili kwa kuwa ni shemeji, kisha kulalamika kwamba askari wanamshuku kila mtu. Na yule awezaye kuchangia mamia ya maelfu kwa ajili ya sherehe ya usiku mmoja asiseme kwamba hana uwezo wa kuwapeleka wanawe Momella siku moja kwa mwaka.

Siku ya mwisho ya ugeni wangu, mwenyeji wangu na jirani zake watatu walichanga, tukakodi gari moja, tukaenda. Mtoto yule alikaa dirishani. Tulipofika ukingoni mwa Ngurdoto alinyamaza kitambo kirefu, akiwatazama nyati waliokuwa kule chini wadogo kama sisimizi. Kisha akamgeukia baba yake akauliza, "Baba, hawa ni wa nani?"

Baba yake, ambaye miaka yote aliishi chini ya mlima ule naye hakuwahi kufika hapo, alisita kidogo kabla ya kujibu. "Ni wetu," akasema.

Viongozi na raia, bara na visiwani, tuna kazi moja ya kufanya, nayo ni kulifanya jibu lile liwe kweli.