Kabla ya Kukistaafisha Kitochi

Sitalike iko kilomita 35 hivi kusini mwa Mpanda, kando ya barabara ya kwenda Sumbawanga, pale Mto Katuma unapoingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Wageni hufika kutazama viboko. Wenyeji wanalima mahindi na mpunga, wanafuga, wanauza bidhaa kando ya barabara, na usiku wanasikiliza kama tembo wameingia mashambani. Ukitaka kujua simu nzuri ni ipi, kijiji cha namna hii ndicho kipimo, maana hapa simu inadaiwa mambo mazito. Iwe na chaji saa nane za usiku, mtu aweze kuwapigia askari wa wanyamapori au kumwita wa bodaboda ampeleke mama mjamzito zahanati. Ivumilie vumbi la kiangazi na matope ya masika. Iwake tochi. Ipokee hela kutoka kwa mtoto anayefanya kazi mjini. Yote hayo kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, kinayafanya, na kimeyafanya kwa miaka mingi. Hata hivyo mwenye kitochi anaambiwa kila siku, na matangazo, na wenye maduka, hata na watoto wake mwenyewe, kwamba amepitwa na wakati. Hoja ya makala haya ni kwamba mtu huyo ana haki ya kusita. Simu inayofanya kazi yake sawasawa haina deni la kujieleza. Anayetaka iondoke ndiye atoe sababu.

Uimara wa simu hizi haukuja kwa bahati. Mwaka 2003 Nokia ilitoa modeli ya 1100, iliyobuniwa makusudi kwa nchi zenye umeme haba na vumbi jingi. Vitufe vyake vilifunikwa kwa mpira mmoja usiopitisha uchafu, ubavuni ikashikika vizuri hata kwa mkono wenye jasho, na juu ikawekewa tochi. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na ni simu chache mno zilizowahi kufikia idadi hiyo. Vitochi vya leo, vingi vikiwa vya itel na Tecno, ambazo zote ni za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, China, vimefuata njia ileile. Betri ya kitochi ni ndogo kuliko ile ya simu janja, lakini inakaa siku kadhaa kwa sababu kioo chake ni kidogo na hakuna programu zinazofanya kazi chinichini mwenyewe akiwa amelala. Ikichoka, unafungua mfuniko kwa ukucha, unatoa betri, unaweka nyingine. Kwa anayelipia chaji dukani au anayetegemea sola ndogo, tofauti hiyo ni ya fedha na ya usalama pia. Simu janja nyingi za sasa betri yake imegandishwa kwa gundi ndani, na kuitoa kunahitaji fundi mwenye vifaa na mkono mtulivu. Ulaya wenyewe wameona kasoro hiyo: sheria ya Umoja wa Ulaya inataka kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya aina hii ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe. Jambo ambalo fundi wa Mpanda amelijua miaka yote sasa limeandikwa kuwa sheria huko Brussels.

Jambo la pili linalokipa kitochi uhai ni huduma zilizojengwa kwa nyota na reli, yaani alama za * na #. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 haikumtaka mteja awe na intaneti. Anapiga *150*00#, anajibu maswali kwa namba, pesa inakwenda. Ujumbe huo unapita kwenye njia zilezile ambazo mnara na simu huzitumia kupeana taarifa, ndiyo maana hauhitaji bando na unafika hata pale picha ya WhatsApp inapogoma kufunguka. Mitandao mingine ikafuata mtindo huo, kisha Serikali. Namba *152*00# imekuwa mlango wa huduma nyingi za umma. Mpango wa mbolea ya ruzuku ulipoanza msimu wa 2022/23, mkulima aliyesajiliwa alipokea namba yake kwa ujumbe mfupi, akaenda nayo kwa wakala wa mbolea. Umeme wa LUKU unanunuliwa hivyohivyo. Kwa mkulima wa Katavi, basi, kitochi ni pochi, ni kitambulisho cha ruzuku na ni mita ya umeme. Wanaokiita simu ya kupiga na kupokea tu hawajatazama kinavyotumika.

Simu ya namna hii, hata hivyo, inaweza kufa ikiwa nzima. Mara nyingi kinachoiua ni uamuzi uliofanywa mbali na mikono ya mwenye nayo. Desemba 31, 2018 WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye simu za Nokia za mfumo wa S40, simu ambazo siku moja kabla zilikuwa zinatuma salamu bila taabu. Mitandao nayo huzimwa. Japani ilikwishazima mitandao yake ya kizazi cha pili, yaani 2G, kufikia mwaka 2012; kampuni ya AT&T ya Marekani ikafuata mwanzoni mwa 2017. Mwaka huohuo wa 2017 Nokia 3310 ilirudishwa sokoni kwa sura mpya na shangwe kubwa, lakini toleo lake la kwanza lilitumia 2G peke yake, kwa hiyo katika nchi ambazo mtandao huo ulikuwa umezimwa lilikuwa tochi na saa ya kengele. Kifaa hakikuwa na kosa lolote. Barabara ndiyo iliyofungwa mbele yake.

Tanzania ina uzoefu wake wa kuzimiwa simu, na haki itendeke: si kila uzimaji ni dhuluma. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizifungia simu bandia, na wananchi wakajifunza kubonyeza *#06# ili kusoma namba ya utambulisho ya kifaa na kuihakiki. Simu bandia nyingi zilikuwa hazijapimwa usalama wake, na walioumia walikuwa wameuziwa uongo dukani. Nasema hivi kwa sababu kutetea simu ya zamani hakumaanishi kutetea kila kinachoitwa simu.

Wapo watakaosema kwamba simu ya zamani si salama, na neno hilo lina uzito. Ulinzi wa mawasiliano ya 2G ni wa zamani na wataalamu walikwisha kuuvunja. Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwenye simu janja kuukuu: ile isiyopata tena masasisho ya usalama kutoka kwa mtengenezaji, ilhali ndani yake kuna barua pepe, picha na programu ya benki. Mwenye simu ya namna hiyo asisite. Aibadilishe, au angalau aache kuitumia kwa fedha. Kitochi hakina programu za kupakua wala viungo vya kubonyeza, hivyo milango ya mwizi ni michache. Utapeli unaowaliza Watanzania wengi, ule wa ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", haujali una simu ya aina gani. Unamlenga mtu, na kinga yake ni kumpigia uliyekusudia kumtumia na kusikia sauti yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: je, hatuwafungii watu wa vijijini mlango wa elimu, masoko na taarifa tukiwasifia vitochi? Mwanafunzi wa sekondari akiwa na simu janja anaweza kusoma mitihani iliyopita. Mkulima anaweza kuonyesha picha ya jani lenye ugonjwa kwa ofisa ugani aliye mbali. Faida hizo ni za kweli na sizipunguzi. Lakini simu janja bila bando, bila mtandao wa uhakika na bila umeme wa kuichaji kila jioni haimfikishi mtu kwenye faida hizo. Bei nayo haishuki kwa kutamani. Mwaka 2021 Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye simu janja, vishikwambi na modemu ili watu wengi zaidi waingie kwenye intaneti. Mwaka uliofuata ilifuta msamaha huo, ikieleza kwamba haukuwanufaisha walengwa. Simu za mkopo zimekuja kuziba pengo, lakini nyingi hujifunga mwenyewe akichelewesha malipo, na mkulima hupata hela kwa msimu, hapati kila siku. Simu ya kujifunga katikati ya masika, wakati hela imeishia shambani, haiwezi kuwa simu pekee ya nyumba.

Kuna pia gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambalo Mkoa wa Katavi unaligusa pale Karema, iko nchi inayochimba sehemu kubwa ya kobalti ya dunia, madini yanayoingia kwenye betri. Wachimbaji wadogo wa Kolwezi, nchini humo, hushuka kwenye mashimo ya hatari kuyatafuta. Mwisho wa safari ni jalala: mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Barani Afrika haikufika hata asilimia 1. Kila mwaka simu inapoendelea kutumika, kuna simu moja ambayo haikulazimika kutengenezwa.

Anayelazimika kubadilisha afanye hivyo bila kuharibu alichonacho. Pesa za kwenye simu ziko kwenye akaunti ya laini, haziko kwenye kifaa, kwa hiyo zitahama na laini. Lakini majina yaliyohifadhiwa kwenye simu na jumbe za miamala hubaki nyuma, yanakiliwe kwanza. Laini ikikatwa iwe ndogo iingie simu mpya, itahitaji kishikizo chake ili irudi kwenye kitochi. Kishikizo hicho kisitupwe. Kitochi chenyewe kibaki nyumbani kikiwa na laini ya pili, na kikiuzwa kiuzwe bila laini, kwa kuwa laini imesajiliwa kwa alama za vidole vya mwenyewe na lolote litakalotendwa nayo litamrudia.

Wajibu uliobaki ni wa mitandao na TCRA. Siku 2G itakapozimwa Tanzania, atakayelipa ni mwenye kitochi ambaye hakuomba mabadiliko. Simu bandia, zilizokuwa na kosa la wazi, zilipewa miezi 6 ya taarifa kuanzia Desemba 2015. Vitochi halali vinastahili miaka kadhaa, tarehe itangazwe redioni na kwenye mikutano ya vijiji, huduma za nyota na reli zihakikishwe kwenye mitandao mipya, na vitochi vya 4G viwe vimefika kwenye maduka ya Sitalike kwa bei ya gunia moja la mahindi kabla mnara wa mwisho wa 2G haujazimwa.