Nchi ya Nigeria: Watu Wake na Majimbo Yake 36

Msomaji akiitazama ramani ya Afrika ya Magharibi ataona mito miwili mikubwa ikikutana katikati ya nchi ya Nigeria. Mmoja ni Niger, utokao katika milima ya Guinea, ukapanda kaskazini hata ukingo wa jangwa la Sahara, kisha ukageuka na kushuka kusini. Mwendo wake wote ni yapata maili 2,600. Wa pili ni Benue, utokao mashariki katika nchi ya Cameroon. Mito hiyo hukutana penye mji wa Lokoja, ikawa mto mmoja mpaka baharini. Kwa hiyo nchi imekatwa vipande vitatu: kaskazini iliyo pana sana, na chini yake kusini-magharibi na kusini-mashariki. Yafaa msomaji aishike picha hiyo, maana habari nyingi za utawala wa Nigeria, na vita vyake pia, zimetoka katika vipande hivyo vitatu.

Kwa ukubwa Nigeria ni maili za mraba 356,000 na zaidi. Ni ndogo kidogo kuliko Tanzania, nayo yaipita Kenya kwa mara moja na nusu. Lakini kwa wingi wa watu hakuna nchi ya Afrika iifikiayo. Hesabu ya mwaka 2006 ilipata watu milioni 140, na makadirio ya miaka hii yamepita milioni 220. Katika kila Waafrika sita au saba, mmoja ni Mnigeria.

Mtu akifika kutoka baharini hukuta kwanza mikoko na matope, mahali Niger unapogawanyika mikono mingi isiyohesabika. Mvua hapo hunyesha karibu mwaka mzima. Baadaye huja msitu wa michikichi na kakao, kisha nyika ya katikati ambako viazi vikuu hustawi sana, na mwisho nchi kavu ya kaskazini, nchi ya mtama, uwele na karanga. Kuanzia Desemba huvuma upepo uitwao Harmattan, unaoleta vumbi la Sahara hata jua likaonekana kama sahani ya shaba. Mbung'o wa kusini waliwazuia ng'ombe kwa karne nyingi, na ndiyo maana mifugo iko kaskazini mikononi mwa Wafulani, nao huishusha kusini wakati wa kiangazi kutafuta majani. Siku hizi mashamba yameongezeka na njia za ng'ombe zimezibwa, na wachungaji na wakulima wa nchi ya katikati wamekuwa wakiuana. Wasomaji wanaokaa penye mipaka ya wafugaji na wakulima hawahitaji kuelezwa zaidi.

Lugha za Nigeria zapita 500. Makabila makubwa ni matatu: Wahausa, waliochanganyika na Wafulani katika kaskazini, Wayoruba wa magharibi, na Waigbo wa mashariki. Baada yao wako Wakanuri, Wativ, Waijaw, Waibibio, Waedo na wengine wengi, na kila moja la makabila haya ni kubwa kuliko mataifa kadhaa yenye viti katika Umoja wa Mataifa.

Mtu wa pwani yetu akifika Kano hatajiona mgeni kabisa. Atasikia Wahausa wakisema *duniya*, na *lafiya* kwa afya, na *labari* kwa habari, na *albarka* kwa baraka. Na kadhi wao huitwa *alkali*. Sababu ni ile ile moja, yaani dini ya Kiislamu na maandishi ya Kiarabu, yaliyovuka jangwa huko kama yalivyovuka bahari huku. Hata gazeti la Serikali wanalo la tangu 1939, lililoanzishwa Zaria kwa lugha ya Kihausa. Jina lake ni *Gaskiya Ta Fi Kwabo*, maana yake kweli ni bora kuliko peni.

Tabia za utawala wa zamani zilihitilafiana mno. Kaskazini palikuwa na dola ya Sokoto, iliyosimamishwa na Shehu Usman dan Fodio kwa vita vya jihadi vilivyoanza 1804, yenye maamiri, makadhi na kodi. Wayoruba walikaa katika miji mikubwa, kila mji na mfalme wake aitwaye Oba. Bali Waigbo wengi hawakuwa na wafalme. Mambo yao yaliamuliwa na wazee na marika katika vijiji, jambo ambalo Mkikuyu au Mkamba atalielewa upesi.

Waingereza waliutwaa mji wa Lagos mwaka 1861. Kule mtoni ilitawala kampuni ya biashara mpaka 1900, Serikali ya Uingereza ilipoinunua haki yake, na Kano na Sokoto zikashindwa kwa silaha mwaka 1903. Mwenye kuziunganisha nchi hizo zote kuwa moja, tarehe 1 Januari 1914, alikuwa Sir Frederick Lugard, yule yule aliyejenga ngome Kampala mwaka 1890 alipokuwa mtumishi wa kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki. Lugard aliwaacha maamiri watawale chini ya macho ya Waingereza. Utaratibu huo ulikubali kaskazini kwa sababu wenye mamlaka walikuwako. Katika nchi ya Waigbo ilibidi machifu wabuniwe na kupewa hati, na mwaka 1929, ilipovumishwa kwamba wanawake nao watatozwa kodi, wanawake kwa maelfu waliinuka na kuzibomoa baraza za machifu hao. Zaidi ya 50 waliuawa kwa risasi.

Katiba ya mwaka 1954 iliifanya Nigeria kuwa shirikisho la mikoa mitatu, Kaskazini, Magharibi na Mashariki, kila mmoja na Waziri wake Mkuu. Hapo ndipo penye kosa, kwa maoni ya mwandishi huyu. Kila mkoa ulikuwa na kabila moja kubwa lenye chama chake, na makabila madogo yakawa kama wapangaji katika nyumba ya mwenyewe. Tena Mkoa wa Kaskazini peke yake ulikuwa mkubwa kuliko ile miwili kwa jumla, hata kwa watu. Makabila madogo yalilalamika, tume ikatumwa kutoka Uingereza kusikiliza hofu zao, nayo mwaka 1958 ikashauri mikoa isiongezwe. Uhuru ukapatikana tarehe 1 Oktoba 1960, Waziri Mkuu wa nchi nzima akiwa Abubakar Tafawa Balewa, na shauri lile halijamalizika.

Hata kuhesabu watu kukawa ugomvi, kwa kuwa viti vya Bunge na fedha vilifuata hesabu. Hesabu ya 1962 ilitupwa. Ya 1963 ikakubaliwa kwa manung'uniko. Ya 1973 ikafutwa.

Januari 1966 maofisa wa jeshi wakawaua Balewa na Ahmadu Bello, Waziri Mkuu wa Kaskazini, na wengineo. Jenerali Aguiyi-Ironsi, Mwigbo, akashika utawala, na mwezi wa Mei akatangaza kwamba shirikisho limekwisha na nchi itatawaliwa kutoka mahali pamoja. Watu wa kaskazini walilisoma tangazo hilo kama utawala wa Waigbo. Ironsi aliuawa mwezi wa Julai, na Waigbo waliokuwa wakiishi kaskazini wakachinjwa kwa maelfu. Waliosalia walikimbilia kwao mashariki kwa magari ya moshi na malori.

Aliyemfuata Ironsi alikuwa Yakubu Gowon, kijana wa miaka 31, Mkristo wa kabila dogo la nyanda za juu za Jos. Tarehe 27 Mei 1967 aliifuta mikoa, ambayo wakati huo ilikuwa minne, na mahali pake akaweka majimbo 12. Mkoa wa Mashariki ulikatwa vipande vitatu, na mafuta mengi ya ardhini, yaliyogunduliwa Oloibiri mwaka 1956, yakaangukia katika majimbo ya makabila madogo wala si katika lile la Waigbo. Siku tatu baadaye Luteni Kanali Ojukwu akatangaza kwamba Mashariki imejitenga, na jina lake ni Biafra.

Vita vilianza Julai 1967, vikaisha Januari 1970. Waliokufa hukadiriwa kuwa milioni moja au zaidi, wengi wao watoto, tena kwa njaa kuliko kwa risasi. Afrika ya Mashariki haikukaa mbali na jambo hilo. Mwalimu Nyerere wa Tanzania alikuwa wa kwanza katika Afrika kuitambua Biafra, Aprili 1968, na mwezi uliofuata pande mbili zilikutana Kampala kutafuta amani, zikaachana bila mapatano. Vita vilipokwisha, Gowon alikataa kuwaadhibu walioshindwa, na sifa hiyo hawezi kunyang'anywa.

Tangu hapo dawa ya Nigeria kwa kila ugomvi imekuwa kugawanya tena. Majimbo yalifikishwa 19 mwaka 1976, yakawa 21 mwaka 1987, 30 mwaka 1991, na 36 mwaka 1996. Mji mkuu nao ulihamishwa kutoka Lagos, katika nchi ya Wayoruba, ukajengwa upya Abuja, karibu na kitovu cha nchi. Uamuzi ulikuwa wa 1976, na Serikali ikahamia Desemba 1991.

Katiba iliamuru pia kwamba Rais asichaguliwe kwa wingi wa kura peke yake, bali apate robo ya kura katika thuluthi mbili za majimbo. Wasomaji wa Kenya wanao mfano wa sheria hiyo, kwani Katiba yao ya 2010 yadai robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Mwaka 1979 sheria hii ilileta kesi ya ajabu. Majimbo yalikuwa 19, na thuluthi mbili za 19 ni 12 na sehemu ya jimbo. Shehu Shagari alikuwa na robo katika 12. Mpinzani wake, Obafemi Awolowo, alisema jimbo halikatwi vipande, basi hesabu ni 13. Mahakama Kuu kabisa ilihukumu kwamba linakatwa, na Shagari akawa Rais.

Chini ya Katiba ya 1999, iliyowarudisha raia madarakani baada ya miaka mingi ya wanajeshi, kila jimbo lina Gavana, Bunge lake na wajumbe watatu katika Seneti, liwe kubwa kama Kano au dogo kama Bayelsa. Rais hana budi kuchukua angalau Waziri mmoja katika kila jimbo.

Faida ya mpango huu yaonekana: hakuna kabila moja liwezalo kuishika nchi peke yake, na Biafra ya pili haijatokea. Hasara yake nayo si ndogo. Majimbo mengi hayawezi kujilisha, na kila mwezi watu wa hazina zao hukutana na wa Serikali kuu kugawana fedha, ambazo kwa miaka mingi zimetoka zaidi katika mafuta. Tena kila jimbo jipya limezaa swali la nani mwenyeji. Mtu aweza kuzaliwa Jos, na baba yake akazaliwa Jos, lakini ikiwa asili yao ni Kano atanyimwa hati ya uenyeji, na pamoja nayo nafasi za kazi na za masomo. Mapigano ya Jos ya 2001 na 2008, yaliyoua mamia ya watu, yalitoka humo.

Katika mabadiliko yote hayo, mara moja tu watu wenyewe waliulizwa kwa kura, mwaka 1963, ulipokatwa Mkoa wa Kati-Magharibi. Majimbo yote 36 ya leo yalichorwa na wanajeshi kwa amri. Katiba ya 1999 yataka kura ya watu wa mahali hapo na kibali cha zaidi ya nusu ya majimbo yote, na tangu ianze kutumika jimbo jipya halijapatikana hata moja, ingawa maombi yangali yakipelekwa Abuja.